Buibui wa Nchi Kavu na Nyumba Zetu

Wakaao Kitui, Kajiado, Isiolo na sehemu nyingine zenye mvua haba wamjua vema kiumbe huyu. Mvua zinyeshapo baada ya kiangazi kirefu, jioni taa zikiisha kuwashwa, huonekana akipita barazani taratibu, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, mwenye miguu minene yenye manyoya na rangi ya udongo. Watoto hupiga kelele, mama hushika ufagio, na baba huenda kutafuta mafuta ya taa. Katika somo hili twataka kueleza kiumbe huyu ni nani, aweza kutudhuru kwa kadiri gani, na kwa nini ni hatari kubwa kumsingizia makosa ambayo si yake.

Yafaa kujua kwanza kwamba buibui hahesabiwi pamoja na panzi, nyuki na siafu. Hao wana miguu 6, na wengi wao wana mabawa. Buibui ana miguu 8, hana mabawa wala vipapasio kichwani, na mwili wake umegawanyika sehemu mbili tu. Ndugu zake wa karibu ni nge, kupe na papasi. Karibu buibui wote wana sumu, kwa kuwa ndiyo silaha yao ya kuulia chakula, lakini sumu hiyo imepimwa kwa mende na nzige, wala si kwa wanadamu. Wengi wana meno madogo yasiyoweza hata kupenya ngozi yetu.

Huyu mkubwa mwenye manyoya ni wa jamaa ambayo kwa Kiingereza huitwa tarantula. Jamaa hiyo ina aina zaidi ya 1,000 katika nchi za joto duniani, na zile za Afrika zimepewa jina la nyani, kwa sababu ncha za miguu yao zafanana na vidole vya mnyama huyo. Katika Kenya na Tanzania yuko mmoja aliye mkubwa kupita wenzake, ambaye wataalamu humwita Pelinobius muticus. Miguu yake ikinyoshwa hufikia sentimita 15 na hata zaidi. Miguu ya nyuma ni minene kuliko ya mbele, kwa maana yeye ni mchimbaji; hujichimbia shimo refu katika ardhi ngumu na kukaa humo mchana kutwa. Usiku hukaa mlangoni pa shimo akingoja mende, jongoo au mjusi apite. Ukimkaribia sana huinua miguu ya mbele na kuisugua hata hutoa sauti kama ya nyoka. Hajakuwa anakufukuza. Anakuonya, na mwenye busara hurudi nyuma hatua mbili, na mambo huishia hapo.

Yuko mwingine, Pterinochilus murinus, mdogo kuliko huyo lakini mwepesi wa hasira, ambaye hufuma utando mwingi vichakani na katika mashimo. Pengine rangi yake huwa ya machungwa. Akimuuma mtu maumivu huwa makali sana, mahali hapo huvimba, na misuli huweza kukazana kwa saa nyingi au siku kadha. Ni ugonjwa wa kweli na haifai kuudharau. Hata hivyo, hakuna habari iliyothibitishwa ya mtu aliyekufa kwa kuumwa naye.

Huko Marekani, katika jangwa la Sonora lililo katika jimbo la Arizona, watu wamezoea kuwa na buibui wa jamaa hii uani mwao. Jike la huko huweza kuishi zaidi ya miaka 20 katika shimo lile lile. Mtoto aweza kuzaliwa, akasoma, akaoa, na buibui wa nyuma ya nyumba bado ni yule yule! Lakini tusiige kila wafanyalo. Wako wenyeji wa huko wamshikao kwa mkono, kwa sababu buibui wa Marekani ni mpole. Akichokozwa hupenda kwanza kukurushia manyoya ya tumboni, yawashayo kama upupu, ambayo ni mabaya kwa macho. Buibui wetu wa Afrika hana upupu huo. Kinga yake ni meno, naye hakawii kuyatumia. Basi asishikwe kwa mkono mtupu hata kidogo, wala watoto wasiruhusiwe kuingiza vijiti shimoni mwake.

Jina hilo la tarantula lina kisa chake. Latoka katika mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Zamani watu wa huko waliokuwa wakivuna mashamba waliugua ghafula, wakatokwa na jasho na kukazana mwili, nao walimlaumu buibui mkubwa aliyeonekana akikimbia kati ya mabua. Wakawapigia wagonjwa ngoma ili wacheze mpaka wapone, na ngoma hiyo yajulikana mpaka leo kwa jina la tarantella. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba buibui yule mkubwa hana sumu ya kuleta ugonjwa kama huo. Mkosaji, kwa kadiri wanavyodhani, alikuwa mdogo mweusi aliyejificha, asiyetazamwa na mtu. Hivyo mkubwa alihukumiwa kwa sababu ya umbo lake, na mdogo akaachwa aendelee na kazi yake.

Kosa hilo la Taranto twalifanya hata sisi nyumbani kwetu, tena kwa njia nyingi.

Tazama kwanza yule akimbiaye usiku kama mshale katika nchi za Turkana, Marsabit na Wajir, wa rangi ya mchanga, mwenye mataya makubwa na anayeonekana kuwa na miguu 10. Waingereza humwita buibui wa ngamia, na hadithi zake ni nyingi: kwamba hula tumbo la ngamia, kwamba humkimbilia mtu amuue. Askari wa Marekani waliopigana Iraq katika mwaka 1991 na tena 2003 walirudi kwao na hadithi hizo hizo. Kwa kweli yeye si buibui halisi. Miguu miwili ya mbele si miguu bali ni vipapasio. Anapokufuata mchana anafuata kivuli chako, kwa kuwa jua lamuunguza. Anapokuja karibu na taa anawinda wadudu walioitwa na mwanga. Aweza kubana kwa mataya na kukata ngozi, lakini sumu hana. Jeraha lake ni la kuosha kwa maji na sabuni.

Pili, kuna malengelenge yatokeayo asubuhi shingoni au usoni, mekundu, yenye kuunguza kama moto, ambayo watu wengi husema ni mkojo wa buibui. Buibui hahusiki hata kidogo. Mwenye kosa ni mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, urefu wake kama sentimita moja, ajulikanaye kwa jina la nzi wa Nairobi ijapokuwa ni wa jamaa ya mbawakawa. Hutokea kwa wingi baada ya mvua kubwa, kama ilivyokuwa katika mvua za El Nino za mwaka 1998. Hang'ati wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, nasi hujipaka wenyewe tumpondapo juu ya ngozi. Mpulize aondoke, kisha oshe mahali alipopita kwa sabuni, wala usiyaguse macho.

Tatu, na hapa twaomba msomaji asome polepole, kuna mtu aliyelala sakafuni akagutuka usiku wa manane, mguu wamuuma, gizani haoni kitu. Asubuhi yaonekana buibui ukutani. Basi husemwa, “Ni buibui tu, itapoa.” Neno hilo “tu” limejaa hatari. Katika nchi kavu za Kenya swila, yaani fira atemaye mate, huingia nyumbani usiku kutafuta panya na kuku, na hujulikana kwa kuwauma watu waliolala. Nyoka wengine huuma bila maumivu makubwa mwanzoni. Nge naye hutembea usiku huo huo, na sumu ya baadhi yao ni hatari kwa mtoto mdogo. Buibui aonekanaye ukutani ni shahidi tu aliyekutwa mahali pa tukio.

Kwa hiyo, mtu akiumwa gizani na asimwone aliyemuuma, afikiriwe kuwa ameumwa na nyoka mpaka hapo itakapojulikana vingine. Uvimbe unaozidi kupanda mguuni, damu isiyokatika jerahani au itokayo katika ufizi, kope zinazolegea, ulimi mzito, kutapika, kupumua kwa shida: hizo si dalili za kungojea asubuhi. Alazwe, atulizwe, mguu usitikisike, avuliwe pete na viatu, na apelekwe hospitali kwa upesi uwezekanao. Asichanjwe wembe, asifungwe kamba ya kukaza, jeraha lisinyonywe kwa mdomo. Na jiwe jeusi ambalo wengi huliweka juu ya jeraha limekwisha kujaribiwa na wataalamu, likaonekana halina nguvu yo yote juu ya sumu. Linalofanya ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Je, yuko buibui wa kuogopwa kweli? Yuko, lakini ni mdogo. Mwili wake wote hauzidi kifungo cha koti, miguu yake ni myembamba, na chini ya tumbo ana alama nyekundu au ya machungwa mfano wa kipimio cha saa cha mchanga. Wako weusi na wako wa kahawia. Wa kahawia hupenda majumba. Hufuma utando wa ovyo, mgumu kuukata, chini ya viti, nyuma ya mapipa, katika mitungi iliyoachwa na chini ya kikalio cha choo. Mayai yake huyaweka katika kifuko cha mviringo, na kile cha yule wa kahawia kina vijiba vidogo kama miiba. Hakimbilii mtu, huuma anapobanwa. Maumivu yake huenea mwilini, tumbo hukaza kama ubao, na jasho hutoka. Vifo ni nadra sana, lakini mtoto, mzee au mwanamke mwenye mimba aliyepatwa na dalili hizo apelekwe kwa mganga bila kuchelewa. Mtu aliyeumwa na buibui anayejulikana, naye hana dalili ila maumivu na uvimbe kidogo, aoshe jeraha kwa sabuni na kuweka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi; maumivu yasipopungua aende kituo cha afya.

Hao wengine waliobaki nyumbani, bapa wa ukutani na warefu miguu wa pembeni mwa dari, ni wafanya kazi wasiolipwa. Kando ya Ziwa Victoria yuko mmoja mdogo mno, mruka ukutani, aliyepewa na wataalamu mwaka 2003 jina la Evarcha culicivora, maana yake mla mbu. Uchunguzi uliofanywa Mbita Point na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hupenda kumkamata mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko windo jingine. Haondoi haja ya chandarua, lakini mwenye kumpondaponda ukutani anamsaidia mbu. Waislamu nao, hasa wa pwani, hukumbuka mapokeo ya buibui aliyefuma utando katika mlango wa pango la Thaur, wakati Mtume Muhammad na Abu Bakr walipojificha humo katika mwaka 622, na wengi wao huona vibaya kumuua. Kufagia utando jikoni si kosa. Mwenyewe atafuma mwingine.

Mambo ya kufanya nyumbani si ya gharama. Kuni na mawe yasirundikwe ukutani, bali yawe mbali kidogo na nyumba, maana huko ndiko hukaa buibui, nge na panya, na panya humwita nyoka. Nafasi iliyo chini ya mlango izibwe kwa ubao au gunia lililokunjwa. Taa ya nje izimwe isipohitajiwa. Viatu na nguo vikung'utwe asubuhi, na mkono usiingizwe mahali ambapo macho hayajatangulia. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro humzuia mbu, na pia humzuia nge, buibui na mara nyingi hata nyoka. Na alalaye kitandani yu salama kuliko alalaye chini. Usiku tembea na tochi.

Mafuta ya taa yarudishwe mahali pake. Kuyamimina shimoni huharibu udongo, na kuyawasha karibu na nyumba ya makuti au nyasi kumewaletea watu hasara kubwa kuliko ya buibui ye yote. Dawa za shambani nazo zisinyunyizwe ndani wanamolala watoto. Buibui mkubwa akiingia nyumbani mfunike kwa bakuli au sufuria pana, penyeza chini yake karatasi ngumu au kipande cha bati, kisha mpeleke vichakani. Ukiona shimo lake uani lenye utando mlangoni, weka mawe machache pembeni kama alama ili watoto wajue.

Na yule anayepita barazani wakati wa mvua aghalabu ni dume. Jike halitoki shimoni mwake ila kwa dharura, lakini dume likikomaa huacha shimo na kuanza kuzunguka usiku likitafuta jike, wala halina haja na watu wala na nyumba yao. Baada ya kutoka hivyo maisha yake huwa mafupi. Mlango ukiwa umezibwa, litafuata ukuta mpaka pembe ya nyumba, na kuendelea na safari yake.