Anatema maharage, nimlazimishe?

Swali: Daktari, akiba ya chakula imepungua. Mwanangu wa miaka miwili anataka ugali wa muhogo na mchuzi tu, maharage anatema. Nimlazimishe? (Mama, Kasulu)

Jibu: Usimlazimishe, mama, atazidi kuyachukia. Mtoto huweza kuonja chakula mara kumi au zaidi ndipo akikubali. Najua huna cha kutupa, hivyo mwekee kijiko kimoja tu, akikataa ale mkubwa. Muhogo unashibisha, ila protini yake ni ndogo mno. Ponda maharage laini, tia mawese mekundu yenye vitamini A, au twanga dagaa wa Kigoma uchanganye kwenye uji mzito. Chai ya rangi isishike nafasi ya mlo. Miguu yake ikivimba, hiyo ni dalili ya utapiamlo; mwahishe zahanati siku hiyohiyo.