Libsecret ndani ya Debian: maswali kwa mfungashaji

Libsecret inafanya kazi gani?

Programu ya barua pepe, ya Wi-Fi, ya kuhifadhi mafaili: zote zinahitaji kukumbuka nywila. Zikiachwa kila moja ijiwekee zake, utakuta nywila kwenye mafaili yanayosomeka na yeyote. Libsecret inazipa programu hizo mlango mmoja. Kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani haihifadhi kitu yenyewe. Inapeleka ombi kupitia D-Bus, njia ambayo programu huzungumza zenyewe kwa zenyewe, hadi kwa huduma kama gnome-keyring, ambayo ndiyo inayosimba na kutunza.

Mbona imegawanywa vifurushi kadhaa?

Kwa sababu wanaoihitaji ni tofauti. Mtumiaji anatosheka na libsecret-1-0, mwandishi wa programu anaongeza libsecret-1-dev, na wa terminali anachukua libsecret-tools. Ile 0 ya mwisho katika libsecret-1-0 si pambo. Maktaba ikibadilika kiasi cha kuvunja programu za zamani, namba hupanda, na toleo la kale na jipya huweza kukaa pamoja.

Mfungashaji anaruhusiwa kubadilisha msimbo?

Anaruhusiwa, na hapo ndipo ninapotaka kila anayeanza asimame kwanza. Mwaka 2006 kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji, kiliondolewa mistari michache kwa sababu Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, kilikuwa kinailalamikia. Mtunzaji hakukurupuka, aliwauliza kwanza watengenezaji wa OpenSSL. Lakini mistari hiyo ndiyo iliyoingiza kutotabirika kwenye funguo. Kilichobaki kuzitofautisha ni namba ya mchakato, isiyozidi 32,768, kwa hiyo mshambuliaji aliweza kuzitengeneza zote mapema na kuzijaribu moja moja. Luciano Bello, mmoja wa watengenezaji wa Debian, aligundua kasoro hiyo, na tahadhari ikatolewa Mei 13, 2008. Hata seva zisizotumia Debian zilikuwa hatarini iwapo zilikubali ufunguo wa SSH uliotengenezwa kwenye Debian yenye kasoro hiyo.

Ndiyo maana kiraka chochote kinachogusa usimbaji nakipeleka kwa waandishi wa asili. Wao wakikikubali na kukiingiza kwao, ndipo nami nakiingiza.

Nitajuaje kifurushi hakijachezewa njiani?

APT, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, inakagua saini ya faili la Release kwenye hazina ya vifurushi. Faili hilo lina hashi za orodha za vifurushi, na orodha zina hashi ya kila kifurushi. Baiti moja ikibadilika, usakinishaji unakataliwa. Usiuzime ukaguzi huo, hata ukiwa na haraka.

Nianzie wapi?

Andika apt source libsecret, ufungue folda ya debian, usome control na rules kwa utulivu. Jenga kwa sbuild, inayotumia mazingira safi, ili kifurushi kisitegemee vitu vilivyomo kwenye kompyuta yako tu, kisha kipitishe kwenye lintian, kikaguzi cha makosa ya ufungashaji. Ukishakisakinisha, jaribu:

secret-tool store --label=Jaribio huduma barua

Itakuuliza nywila papo hapo, hivyo haibaki kwenye historia ya terminali. Halafu andika secret-tool lookup huduma barua. Nywila ikirudi, maktaba, D-Bus na huduma vinasikilizana.