Kumpata Kwezi wa Stuhlmann Msituni Kakamega

Ukimtafuta kwezi wa Stuhlmann kwa mwendo wa haraka, utarudi nyumbani na shingo inayouma. Ndege huyu huishi vileleni mwa miti, na makundi yake huhamahama yakifuata matunda yanakoiva. Kwa hiyo tafuta mti kwanza, ndege atakuja mwenyewe.

Waulize waongozaji wa Isecheno, kituo cha msitu huo, ni mkuyu upi umezaa wiki hii. Wao hupita njia za msituni kila siku. Fika alfajiri, kwa kuwa alasiri Kakamega hunyesha mara nyingi. Simama kando ya mti, jua likiwa mgongoni, usubiri. Mikuyu ikiwa haina kitu, panda kilima cha Lirhanda: pale darubini yako itakuwa inaangalia vilele vya miti kutoka juu.

Kumtambua ndiko kunakowasumbua wengi, maana kwa mbali ni kijindege cheusi tu. Dume ana mng'ao wa buluu, umbo jembamba, na jicho la kahawia lenye ukingo wa njano. Jike ni wa kijivujivu, na bawa lake lina rangi ya kutu inayojitokeza anaporuka. Hapo ndipo penye siri yote. Kwezi wa Waller, anayefanana naye, wa misitu ya nyanda za juu za Kenya, ana kutu hiyo bawani awe dume au jike. Basi tazama kundi linaporuka: baadhi tu wakiwa na kutu, wengine weusi mabawa mazima, hao ni wa Stuhlmann. Usimwite kwa sauti ya simu; unamtoa kwenye chakula chake bure.

Msimu wa kuzaa, acha mikuyu, tafuta shina kavu lenye matundu. Kwezi huyu hawezi kuchimba mti, hivyo hutaga katika matundu yaliyochimbwa na zuwakulu, ndege mwenye mdomo mnene, naye zuwakulu hupenda mti uliokufa kwa sababu ni laini. Sikubaliani kabisa na wanaosema mti mkavu ni kuni tu. Ukiukata, umebomoa nyumba za familia kadhaa kwa siku moja, na mti mwingine utachukua miaka mingi kukua, kufa na kulainika. Kama shamba lako limepakana na msitu na una mti wa namna hiyo, okota matawi yaliyoanguka, shina liache limesimama.