Laptopu ya laki na nusu: yalipa au yanyonya?

Mji wa Kale, saa kumi jioni. Mama amebandika karai, viazi vyangoja kutiwa unga, na mwanawe amekuja na simu mkononi kumwonyesha picha. Kijana ameitwa Technical University of Mombasa, pale Tudor, na anataka laptopu.

"Mama, hii ni laki na nusu, lakini ni ya maisha."

"Maisha ya nani, mwanangu? Yangu au ya hiyo mashine?"

Mama ana 60,000. Mwezi huu ni zamu yake ya chama, na pesa zenyewe zina wenyewe tayari: mtungi wa gesi, mafuta ya kupikia, nauli ya kijana ya mwezi wa kwanza. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini ukiwa na mtoto aliyemaliza shule mwaka huu, huenda mazungumzo haya umeshayasikia kwako. Basi tuyapigie hesabu. Bei zote hapa chini ni za mfano. Ukizunguka maduka ya Moi Avenue na Digo Road utapata za kwako, na hesabu itabaki ile ile.

Gawanya kwa miezi

Bei ya dukani yakwambia utatoa ngapi leo. Haikwambii laptopu itakugharimu ngapi. Kupata hiyo, chukua bei, ongeza matengenezo, toa kiasi utakachoiuza ukimaliza nayo, kisha gawanya kwa miezi utakayoitumia.

Tuanze na ile mpya ya bei nafuu, 45,000, iliyo kwenye sanduku na nailoni yake. Tuseme ina RAM ya GB 4 na hifadhi ndogo isiyobadilishika. Baada ya miaka miwili imekuwa nzito hata kufungua barua pepe, na unaiuza 8,000. Yaani 37,000 kwa miezi 24: kama shilingi 1,540 kwa mwezi.

Sasa ile ya laki na nusu. Ukiitunza miaka sita na kuiuza 40,000, umetumia 110,000 kwa miezi 72, kama 1,530 kwa mwezi. Soma tena hizo namba mbili. Ile ya "bei nafuu" na ile ya kifahari zimegharimu karibu sawa! Kwa hivyo kijana hakosei moja kwa moja anaposema ya bei ghali yadumu. Kosa lake liko kwingine.

Kwanza, hesabu yake yadai miaka sita bila ajali. Laptopu inayopanda matatu kila siku, inayovuka feri ya Likoni wikendi kwenda kwa shangazi, inayowekwa juu ya meza moja na kikombe cha chai, haina ahadi ya miaka sita. Ikiibwa mwezi wa kumi, ile ya 45,000 imekuuma. Ile ya laki na nusu imekuangusha. Pili, mama hana laki na nusu. Ana 60,000, na hiyo nayo si yote ya laptopu.

Kuna ya tatu ambayo kijana hakuitia kwenye picha zake: laptopu ya kiofisi iliyotumika Ulaya, ile ambayo madukani huitwa "ex-UK". Tuseme 38,000, uongeze 9,000 za betri mpya na RAM, jumla 47,000. Uitumie miaka minne, uiuze 12,000. Ni 35,000 kwa miezi 48: kama 730 kwa mwezi. Nusu ya zile mbili.

Lakini ya kazi gani?

Hesabu ya miezi yahusu matumizi tu. Kuna watu ambao laptopu kwao ni cherehani, yaani ndiyo inayoleta pesa nyumbani, na hao wana hesabu nyingine.

Mchukue kijana anayehariri video za harusi. Mombasa tunajua jinsi harusi zinavyoandamana kabla ya Ramadhani. Ijumaa hadi Jumapili kuna kumbi mbili tatu zenye kazi. Mashine yake ya zamani yachukua usiku kucha kutoa video moja, na asubuhi apata imekwama katikati. Akiwa na mashine yenye nguvu aweza kupokea kazi moja zaidi kila mwezi, tuseme yenye faida ya 10,000 baada ya kutoa gharama. Tofauti kati ya laptopu ya 150,000 na ile ya 47,000 ni 103,000. Atairudisha kwa miezi kumi na kitu, na baada ya hapo ni faida. Kwake yeye ya bei ghali ni biashara. Lakini ajiulize kwa ukweli: hiyo kazi moja zaidi ipo, kuna wateja anaowakataa sasa hivi kwa sababu ya mashine? Au aitarajia tu? Kama hujawahi kukataa mteja, tatizo lako bado si mashine.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika ripoti, anajaza majedwali, anaingia darasa la mtandaoni. Kazi hizo hazitamlipa zaidi kwa sababu mfuniko wa laptopu wang'aa. Akiwa anasomea usanifu wa majengo au uhandisi wenye programu nzito za kuchora, basi aulize idara yake kwanza programu hizo zahitaji nini, akiwa na karatasi mkononi, kabla hajafika dukani. Muuzaji hatamwambia "hii yatosha, usiongeze".

Ukishika ya mtumba, angalia haya

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Anza na namba ya prosesa. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa laptopu za Intel, kwa kawaida yataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Utakijuaje kizazi? Soma namba. i5-6300U yaanza na 6, ni kizazi cha sita. i5-8350U yaanza na 8, ni cha nane. HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zikikaa pamoja kwenye kabati la kioo zafanana kama ndugu, na tofauti ya bei huenda ni elfu chache tu. Lakini G3 ni kizazi cha sita, na unayoitaka ni G5 yenye cha nane. Usikubali kuambiwa "hii pia imetiwa Windows 11, ona". Yaweza kutiwa kwa njia za panya, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine kama hiyo, na ndiyo hiyo utakayofungulia akaunti zako za pesa.

Kisha uliza kama RAM yabadilishika. Lenovo ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM na betri ya nyuma inayotoka kwa mkono bila kufungua skrubu hata moja. Fundi yeyote wa mjini aijua. ThinkPad X1 Carbon, nyembamba na nyepesi, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, vilevile: GB 8 uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo. Si mashine mbaya. Haina feni, kwa hivyo haivuti vumbi wala haipigi kelele, ingawa ukiibebesha kazi nzito kwa muda mrefu yapunguza kasi ili isichemke. Na joto la hapa mwezi wa tatu wenyewe mwalijua.

Betri ipime papo hapo. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo betri ilioundwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa imebaki nusu, toa bei ya betri mpya kwenye maelewano. Kwenye MacBook, ndani ya System Information, sehemu ya Power, kuna idadi ya mizunguko ya kuchaji; MacBook nyingi zimeundwa kwa mizunguko 1,000. Betri si jambo dogo kwetu. Stima ikikatika ukiwa katikati ya mtihani wa mtandaoni, betri ndiyo inayokuokoa.

Angalia matundu ya chaja na USB kwa tochi ya simu. Hewa ya bahari ina chumvi, na laptopu iliyokaa miaka karibu na maji yaweza kuwa na kutu ya kijani ndani ya matundu huku nje ikimetameta. Ukiona hivyo, usishindane na muuzaji, nenda zako. Na hakikisha mashine haijafungwa na mwenyewe wa kwanza: izimwe, iwashwe mbele yako, usanidi uanze mwanzo mpaka ufike kwenye skrini kuu. Ikidai akaunti au nywila ya kampuni usiyoijua, hiyo si yako hata ukiilipia.

Pesa itoke vipi

Sisi twauza huduma za malipo, na tungependa ulipe kwa simu. Lakini kulipa kwa simu ni jambo moja, na kukopa kwa simu ni jingine. Mkopo wa siku 30 unaotoza, tuseme, asilimia 7.5 hausikiki mkubwa: ukichukua 20,000 ni 1,500 tu. Usipoweza kuulipa na ukausogeza mara tatu, umetoa 6,000 na bado wadaiwa 20,000. Mikopo ya aina hii yafaa kwa shida ya wiki mbili, si kwa kitu utakachotumia miaka minne.

Lipa pole pole nayo ipigie hesabu kabla ya kutia sahihi. Ile ya laki na nusu ikiuzwa kwa 30,000 za mwanzo na 13,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja, jumla ni 192,000. Rudi kwenye hesabu yetu ya miezi 72: sasa ni kama 2,110 kwa mwezi, na ile sifa ya "bei ghali yadumu" imeliwa na riba. Mama yule, akinunua ex-UK kwa pesa taslimu, abaki na 13,000. Mtungi wa gesi wajazwa na karai halizimwi.

Siku ya kulipa, lipia kwenye namba ya till au paybill ya duka. Akikwambia "nitumie kwa hii laini yangu, till ina shida leo", ngoja mpaka shida iishe. Ukituma kwa mtu binafsi, mashine ikifa kesho duka laweza kusema halikupokea kitu. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, ulilinganishe na jina la kwenye risiti. Usifute ujumbe wa malipo. Risiti iandikwe muundo, namba ya seriali na muda wa waranti, na uulize waranti hiyo yahusu nini. Nyingi hazigusi uharibifu wa maji. Muuzaji akikataa kuandika namba ya seriali, rudisha simu mfukoni, uende duka la pili.