Nyumba za Nyuki Wakaao Peke Yao

Mkulima mwenzangu, labda umepata kuona biringani zako zikichanua vizuri, kisha maua yakapukutika pasipo kuacha tunda. Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: ua halikutembelewa na nyuki alifaalo.

Wako nyuki wasiokaa mzingani wala wasiotoa asali ya kuvuna. Hawana malkia. Kila jike hujitafutia tundu lake katika tete kavu, mti mkavu au ardhini. Humo huweka chakula cha unga wa maua, hutaga yai moja, kisha hujenga ukuta. Huendelea hivyo chumba baada ya chumba hata tundu lijae. Wengine hujenga kwa vipande vya majani, wengine kwa udongo. Ni wapole: jike huuma akibanwa tu, na dume hana mwiba.

FAIDA YAO. Ua la biringani na la nyanya huficha unga wake katika vijifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa mzinga hawezi kuutikisa utoke. Lakini yule mkubwa mweusi atoboaye mbao hulishika ua na kuvuma kwa nguvu, na unga humwagika. Mwaka 2008 wachunguzi wa Nguruman, Kenya, walieleza jinsi nyuki wa porini wasaidiavyo biringani za huko. Pasheni ya manjano nayo haizai kwa unga wake yenyewe. Yataka nyuki mkubwa auletaye kutoka mmea mwingine.

NAMNA YA KUJENGA. Kazi hii yafaa watu wote wa nyumbani.

1. Baba akate matete makavu, urefu inchi 6, akiacha fundo upande mmoja liwe ukuta wa nyuma. Matundu yawe ya upana mbalimbali, tangu nusu ya unene wa kalamu ya risasi hata unene wa kidole kidogo. Midomo ilainishwe, maana vibanzi huchana mabawa.

2. Watoto wafunge matete 20 pamoja na kuyatia katika kopo, midomo ikielekea nje.

3. Mama achague mahali chini ya upenu, pasiponyesha mvua, penye jua la asubuhi. Kopo lifungwe imara kwa waya, lisiyumbe kwa upepo. Waya upakwe grisi kuzuia siafu na sisimizi.

4. Kwa yule nyuki mkubwa, wekeni gogo kavu la mti laini kando ya shamba, mbali na boriti za nyumba. Atalitoboa mwenyewe.

MAONYO. Usipasue tete lililozibwa. Ndani mna watoto. Wakiisha kutoka, litupe na kuweka jipya, kwa sababu ukungu na vidusia hukaa katika matete ya zamani. Usinyunyize dawa ya wadudu juu ya maua yaliyochanua. Na ukisafisha shamba, usichome mabua na miti mikavu yote: moto mmoja huteketeza nyuki wa msimu ujao, na hasara utaiona katika kikapu chako.

Kila Jumamosi watoto wahesabu matete yaliyozibwa na kuandika hesabu. Kila tete lililozibwa ni kundi la vibarua wasiodai mshahara.