SOMO: UKAGUZI WA FOLENI ZA BARUA PEPE KATIKA SEVA NYINGI

Katibu wa chama cha msingi akiisha kuandika taarifa ya mkutano mkuu na kuituma kwa kompyuta, mara nyingi hudhani kwamba barua imekwisha kufika. Sivyo. Barua imepokelewa tu na seva ya kwanza, nayo huwekwa katika foleni mpaka seva ya mpokeaji ikubali kuichukua.

Seva hiyo hujibu kwa tarakimu. Jibu linaloanza na 5 ni la kukataa kabisa, na barua hurudishwa kwa mwandishi. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni kwamba ijaribiwe baadaye, na barua hubaki katika foleni ya zilizoahirishwa. Hapa ndipo penye hatari. Programu ya Postfix, inayotumiwa na seva nyingi, ikiachwa kama ilivyotengenezwa huendelea kujaribu kwa siku 5 ndipo irudishe barua, na katika siku hizo haimpi mwandishi onyo lolote. Taarifa iliyotumwa Jumatatu huweza kurudi Jumamosi, na wanachama hawajapata habari.

Chama kikuu kikiwa na seva tatu au nne, kila moja ina foleni yake, kama vile daftari la ghala moja lisivyoonyesha magunia ya ghala jingine. Yafaa kila seva ipeleke hesabu yake mahali pamoja kila baada ya dakika chache, nayo iandikwe katika mstari wake, kwani jumla peke yake huficha mambo. Na seva isiyoleta hesabu isiandikiwe sifuri. Ghala ambalo karani wake hakuleta taarifa si ghala tupu! Kosa hili ni jepesi kutendeka, nalo ni baya kuliko mengine.

Umri wa barua ni muhimu kuliko idadi. Chombo kiitwacho qshape, kinachokuja pamoja na Postfix, huzipanga barua kwa mahali ziendako na kwa umri wake. Barua 2,000 zilizoingia sasa hivi, siku ya kutangaza bei ya mazao, si tatizo maadamu zinatoka. Barua 10 zenye umri wa siku mbili ni tatizo. Seva zote zikijaza barua za mahali pamoja, yaelekea kasoro iko huko ziendako. Seva moja ikijaza barua za kila mahali, ikaguliwe yenyewe na njia yake ya mtandao. Zikionekana barua nyingi mno za mtu mmoja asiyezoea kuandika hivyo, huenda neno lake la siri limeibiwa. Zizuiwe kwanza, wala zisisukumwe.

Kuilazimisha foleni nzima itumwe upya kila mara hakufai, maana huzichelewesha hata zile ambazo zingepita.

Katibu anayefuatilia barua yake ataje tarehe na saa, anwani ya mpokeaji, na nambari ya utambulisho iliyo katika kichwa cha barua. Nambari ya foleni hubadilika barua ihamiapo seva nyingine. Ile ya utambulisho husafiri na barua yenyewe.