SAA KUMI NA MOJA, NA BADO HUNA KAZI?

Andiko la kusoma: Warumi 15:4; Mathayo 20:1-16



Mpendwa msomaji, karatasi hii haikukufikia hapa Endulen kwa bahati. Huenda wewe ni kijana uliyemaliza Kidato cha Nne au chuo. Ng'ombe wa baba waliuzwa ili usome. Umeandika barua za maombi ya kazi mpaka hela ya fotokopi ya vyeti imekwisha. Umeteremka Karatu, umezunguka kwenye loji na kambi za watalii, na getini ukaambiwa, "Acha namba, tutakupigia." Simu haijalia. Sasa hata kurudi bomani unaona aibu. Wenzako wanachunga, wewe una cheti tu mkononi. Shambani nako huwezi kukimbilia, maana ndani ya hifadhi kilimo kimekatazwa.

Ndugu yangu, Mungu ana neno na wewe leo.

Katika Warumi 15:4 Mtume Paulo anafundisha kwamba mambo ya zamani yaliandikwa kwa ajili yetu, ili tukiyasoma tupate saburi, tutiwe moyo, tuwe na tumaini. Angalia vizuri: hakusema tutapata mshahara! Biblia si hirizi ya kuvutia ajira. Lakini moyo wa mtu anayesoma haufi njiani. Kwa nini?

1. MAANDIKO YANAMJUA MTU ASIYE NA KAZI

Soma Mathayo 20. Bwana Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, jua linakaribia kuzama, akakuta watu bado wamesimama. Akawauliza kwa nini wamekaa siku nzima bure. Wakajibu kweli tupu: hawajapata wa kuwaajiri.

Hawakuwa wavivu! Mvivu angekuwa amesharudi kulala. Hawa walikuwa bado sokoni saa kumi na moja, pale pale ambapo mwajiri anapita. Na jioni walipewa dinari nzima, sawa na walioanza asubuhi. Ni kweli mfano huu unahusu neema ya Ufalme wa Mungu. Lakini ona Yesu alivyoijua aibu ya mtu aliyesimama kutwa bila kuitwa. Kumbe anakujua na wewe!

2. KUSOMA KUNAAMSHA MAOMBI

Danieli alikuwa uhamishoni, mbali na kwao. Katika Danieli 9:2 alikuwa anasoma vitabu, akakuta katika maneno ya nabii Yeremia kwamba ukiwa wa Yerusalemu ungechukua miaka 70. Baada ya kusoma alifanya nini? Alifunga, akavaa gunia, akaomba. Mtu asiyesoma huchoka kuomba upesi, kwa sababu anaomba mawazo yake tu. Anayesoma anapata ahadi ya kushika.

3. KUSOMA KUNALINDA UTU WAKO

Paulo akiwa kifungoni, wengi wamemwacha na majira ya baridi yanakuja, alimwandikia Timotheo amletee joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Ninyi watu wa Endulen mnaijua baridi, na ngozi mnaijua! Mtu huyu alihitaji nguo ya mwili, lakini alijua kwamba roho nayo inasikia baridi.

Usijipime kwa ajira. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia watalii, watu wengi waliokuwa na kazi hotelini walirudishwa nyumbani. Je, siku ile walikoma kuwa watu? Hapana! Kazi inaweza kufungwa, lakini thamani yako mbele za Mungu haifungwi.

4. KUSOMA KWAKO KUNAHITAJIKA SASA HIVI

Biblia nzima ya Kimaasai ipo tangu 1991. Bomani kwenu yuko mama au mzee asiyejua kusoma. Msomee sura moja jioni. Unasema huna kazi, kumbe hii ni kazi, na Bwana wake hasahau ujira!

UFANYE NINI?

• Soma sura moja kila asubuhi kabla hujaenda kuulizia kazi. Usisubiri kurudi umechoka na jibu la "hakuna".
• Andika kwa penseli pembeni tarehe na jambo uliloomba.
• Soma na mwenzako anayetafuta kazi kama wewe. Wawili hawakati tamaa siku moja.
• Usijifiche nyuma ya Biblia. Ukishasoma, amka, peleka barua! Wale wa saa kumi na moja walikutwa SOKONI.

ONYO

Shetani anamwinda aliyekata tamaa. Atakupeleka kwa mganga, atakupeleka kwenye pombe. Atakuletea mtu anayesema, "Toa kitu kidogo, kazi ipo." Soma Kutoka 23:8, uone rushwa inavyopofusha macho. Wengi wamelipa, na kazi hawakuiona. KIMBIA!

Mpendwa, je, umeokoka? Waweza kuajiriwa kesho na bado ukapotea milele. Mwenye shamba anapita sasa, na anakuita. Omba hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu. Nipe njaa ya Neno lako, na unitunze ninapotafuta kazi kwa njia ya haki. Amina."

Kama umeomba sala hii, umwone mchungaji leo hii hapa mkutanoni, na ujiunge na kanisa linalohubiri wokovu. Karatasi hii usiitupe. Ukimaliza, mpe mwenzako aliye sokoni.

Mungu akubariki!